Shajara ya mradi: jenereta ya mawimbi, kutoka namba ya skrini hadi volti ya saketi

Kuhusu mradi

Kazi ninayoiandika hapa ni ya benchi moja la maabara: jenereta ya mawimbi, osiloskopu ya chaneli mbili yenye upana wa 100 MHz, multimita, kebo za koaksi na kompyuta iliyounganishwa kwa USB. Lengo ni kuifanya jenereta ipitie masafa yenyewe kwa amri za kompyuta, nipime vichujio na saketi nyingine, kisha nichore jinsi zinavyoitikia. Kabla ya kufika huko nataka kulijua kila wimbi litokalo kwenye tundu la jenereta linakuwaje linapofika kwenye saketi, kwa sababu hapo katikati ndipo vipimo vingi vinapoharibikia.

Jenereta ni ya aina ya DDS. Ndani yake umbo la wimbi limehifadhiwa kama orodha ya namba. Kihesabu cha fezi huipitia orodha hiyo kwa mwendo unaolingana na masafa yaliyoombwa, na kigeuzi cha biti 14 huzigeuza namba kuwa volti, sampuli milioni 50 kwa sekunde. Sini na mraba hufika 20 MHz. Pembetatu na msumeno huishia 200 kHz. Mbele kuna matundu mawili, la wimbi lenyewe na la SYNC (mpigo unaoashiria wimbi linaanza lini), na nyuma kuna la triga (ishara ya kuanzisha). Humu Vpp ni tofauti ya volti kati ya kilele cha wimbi na bonde lake. Gharama naziandika kwa vipuri vilivyoungua.

4 Machi: wimbi la kwanza, volti mara mbili

Kuchagua sini, kuweka 1 kHz, 1 Vpp, ofseti (volti isiyobadilika inayoongezwa kwenye wimbi) sifuri, kuunganisha kebo ya mita moja hadi chaneli ya kwanza na kubonyeza Output ni kazi ya dakika chache. Osiloskopu ilionyesha sini safi ya 1 kHz, ila ilikuwa na 2 Vpp.

Hakuna kilichoharibika. Nyuma ya tundu, ndani ya jenereta, kuna omu 50 zilizofungwa mfululizo na chanzo. Skrini haionyeshi kipimo cha kinachotoka. Inaonyesha hesabu: mzigo ukiwa omu 50, volti itakuwa hii. Ili mzigo huo upate 1 Vpp, chanzo cha ndani lazima kitoe 2 Vpp, na nusu yake ibaki kwenye omu 50 za ndani. Ingizo la osiloskopu lina ukinzani wa MΩ 1, halivuti mkondo wa kuhesabika, kwa hiyo volti zote 2 hulifikia.

Kanuni niliyoibandika ukutani ni hii: volti ya mzigo = volti ya chanzo × R ÷ (R + 50). Kwa chanzo cha 2 Vpp, mzigo wa omu 600 unapata 1.85 Vpp, wa omu 50 unapata 1 Vpp, na wa omu 10 unapata 0.33 Vpp tu. Skrini inasema namba moja muda wote huo.

Kwenye menyu kuna mpangilio wa mzigo: omu 50, au High Z kwa mzigo mkubwa sana. Niliubadilisha huku macho yakiwa kwenye osiloskopu. Wimbi halikutikisika hata kidogo. Ni namba ya skrini iliyohama kutoka 1 Vpp kwenda 2 Vpp. Mpangilio huo haugusi umeme unaotoka. Unaiambia jenereta tu ifanye hesabu kwa mzigo gani. Anayefuata shajara hii naomba afanye jaribio hili mwenyewe kabla ya kusoma zaidi, kwani mambo mengi yaliyo hapa chini yanatokana nalo.

6 Machi: ingizo la kidhibiti lililoungua

Saketi ya leo ilikuwa kidhibiti kidogo cha volti 3.3 kinachohesabu mipigo. Ilihitajika mraba wa kuanzia 0 V hadi 3.3 V, kwa hiyo kimo kiliwekwa 3.3 Vpp na ofseti 1.65 V. Hesabu iko sawa: bila ofseti mraba hushuka hadi −1.65 V, na maingizo ya aina hii hayavumilii volti hasi. Kidhibiti kilihesabu kwa muda mfupi, kisha pini ikafa.

Osiloskopu ilionyesha mraba wa 0 hadi 6.6 V. Menyu ya mzigo ilikuwa imerudishwa omu 50 na mtu aliyeitumia jenereta kabla yangu, kwa kazi yake halali. Mpangilio huo hubaki kwenye kumbukumbu hata jenereta ikizimwa, hivyo kila anayekuja anarithi wa aliyetangulia. Na kwa kuwa ofseti nayo hufuata hesabu ileile, haikuwa kimo peke yake kilichoongezeka. Wimbi zima, pamoja na kitovu chake, lilikuwa mara mbili.

Gharama: kidhibiti kimoja.

Utaratibu ulioandikwa baada ya hapo, na ambao haujaangusha kitu tangu wakati huo:

Kwanza mzigo, ndipo volti. Mtu akiweka volti kisha abadilishe mzigo, namba aliyoiweka inageuka mbele yake.

Kwa saketi za kidijitali, acha kimo na ofseti, tumia kiwango cha juu na kiwango cha chini. Jenereta nyingi hukubali njia zote mbili za kuandika. Kuandika "juu 3.3, chini 0" kunaonyesha wazi kinachoingia kwenye pini.

Wimbi liende kwenye osiloskopu kwanza, ndipo liende kwenye saketi.

Na weka rizista ya kΩ 1 mfululizo na ingizo. Hata 6.6 V ikija tena, mkondo unaopita kwenye diodi za ulinzi za pini unakuwa karibu mA 2.5. Bila rizista hiyo, kizuizi kilichopo ni omu 50 za jenereta, na mkondo unaweza kuzidi mA 50.

9 Machi: ofseti ina mpaka wake

Jenereta ilikataa ofseti ya 3 V pamoja na 6 Vpp kwenye mzigo wa omu 50, ikapunguza yenyewe na kuonyesha onyo. Sababu ni kwamba kilele cha juu kabisa inachoweza kukitoa kwenye omu 50 ni 5 V, chanya au hasi. Ofseti pamoja na nusu ya Vpp havipaswi kuvuka hapo. Ukiwa na ofseti ya 3 V, unabakiwa na 4 Vpp. Kwa High Z mpaka ni 10 V.

Jambo jingine la siku hiyo: ofseti ya 2 V iliyowekwa haikuonekana kabisa kwenye osiloskopu. Jenereta ilikuwa ikiitoa vizuri. Chaneli ndiyo ilikuwa kwenye hali ya AC, ambayo huweka kapasita njiani na kuzuia volti isiyobadilika. Hali hiyo pia hulipindisha wimbi mraba la masafa ya chini: kwa 10 Hz, sehemu za juu zilizopaswa kuwa bapa zilikuwa zimeinama, na mtu angeweza kuilaumu jenereta bure. Chaneli zote sasa ziko DC, na AC hutumika pale tu wimbi dogo linapopanda juu ya volti kubwa.

13 Machi: teminata iliyopauka

Hatukuwa na teminata (mzigo wa omu 50 wa kufunga mwisho wa kebo) ya kutosha, basi moja ikatengenezwa: kiunganishi cha BNC na rizista moja ya omu 51, robo wati. Kwa sini ya 10 Vpp ilipata joto lakini ikavumilia. Kwa mraba wa 10 Vpp ilianza kubadilika rangi, na thamani yake ikahama.

Hapa hesabu ya Vrms, yaani volti isiyobadilika ambayo ingetoa joto lilelile, ndiyo inayoamua, na umbo la wimbi lina neno kubwa. Sini ya 10 Vpp ina 3.54 Vrms, sawa na robo wati kamili kwenye omu 50. Rizista ilikuwa tayari kwenye mpaka wake. Mraba wa 10 Vpp una 5 Vrms, na hiyo ni nusu wati. Pembetatu ya kimo hichohicho ina 2.89 Vrms, wati 0.17. Maumbo matatu, kimo kimoja, na joto la mraba ni mara tatu ya la pembetatu.

Toleo la pili lina rizista nne za omu 200, robo wati kila moja, zilizofungwa sambamba. Zinatoa omu 50 na kuhimili wati 1. Miguu ilikatwa mifupi kadiri ilivyowezekana, maana waya mrefu ni koili ndogo, na masafa yakipanda omu 50 haziwi tena omu 50.

Gharama: rizista moja.

17 Machi: kingo za wimbi mraba

Maelezo ya jenereta yanasema ukingo wa mraba hupanda kwa muda usiozidi ns 13. Kipimo cha kwanza kilitoa karibu ns 60.

Probu ilikuwa kwenye 1×, hali isiyopunguza ishara. Probu nyingi zikiwa 1× zina upana wa karibu 6 MHz, na muda wa kupanda unaolingana na upana huo ni 0.35 ÷ upana, yaani ns 58. Muda wa probu na wa wimbi hujumlishwa kwa miraba: kipeuo cha pili cha 13² + 58² ni ns 59. Tulikuwa tunaipima probu. Kwa kebo ya koaksi iliyokwenda moja kwa moja hadi kwenye osiloskopu, yenye teminata, kipimo kilikuwa cha ns 13 na kidogo. Osiloskopu ya 100 MHz ina ns 3.5 zake, na kwa ukingo huu mchango wake ni chini ya nusu nanosekunde.

Kisha likaja jambo lililochukua muda mrefu zaidi wiki hiyo. Kebo ya mita 3 ilikwenda kwenye saketi yenye ingizo la ukinzani mkubwa, na osiloskopu ilichukua wimbi kwa kiunganishi cha T pale penye jenereta. Ukingo ulionekana una ngazi: unapanda hadi nusu, unatulia kwa karibu ns 30, kisha unapanda nusu iliyobaki. Tulibadilisha kebo, tukasafisha viunganishi, tukashusha masafa. Ngazi haikuondoka.

Ngazi hiyo ni safari ya wimbi lenyewe. Kwenye koaksi ya kawaida ya omu 50 wimbi husafiri kwa karibu theluthi mbili ya mwendo wa mwanga, ns 5 kwa kila mita. Wimbi linapoingia kwenye kebo linakutana na omu 50 za kebo, kwa hiyo huanza na nusu ya volti ya chanzo. Linafika mwisho baada ya ns 15, halikuti mzigo wa kulimeza, linaakisiwa lote na kurudi, ns 15 nyingine. Likirudi huongezeka juu ya lililopo, na volti inakuwa kamili. Osiloskopu iliyo mwanzoni mwa kebo inaziona nusu mbili zikija kwa kupishana.

Kinachopendeza ni kwamba saketi iliyokuwa mwisho wa kebo haikuwa na tatizo lolote. Osiloskopu ilipohamishiwa huko, ukingo ulikuwa mmoja, laini, mpaka volti kamili, kwa sababu wimbi lililorudi lilimezwa na omu 50 za jenereta. Basi kuna njia mbili: weka teminata mwisho wa kebo na ukubali nusu ya volti, au acha mwisho wazi lakini upime hapohapo mwishoni. Kupima mwanzoni kwa kebo ndefu iliyo wazi hakufai kwa kingo za haraka. Kwa sini ya 1 kHz tofauti haionekani kabisa.

22 Machi: kichujio kilichohama

Kichujio cha kwanza cha kupima: omu 100 na nF 100, kupitisha masafa ya chini. Masafa ya kikomo ni 1 ÷ (2πRC), yaani 15.9 kHz. Jenereta ilikuwa High Z, 2 Vpp. Masafa yakapandishwa mpaka volti ya kutokea ilipofika 0.707 ya 2, ambayo ni 1.41 Vpp. Hilo lilitokea karibu na 10.6 kHz.

Kapasita ilipimwa, iko sawa. Rizista iko sawa. Kilichosahaulika kwenye hesabu ni omu 50 za jenereta, ambazo ziko mfululizo na omu 100 za kichujio. Kwa omu 150 na nF 100 kikomo ni 10.6 kHz barabara. Kipimo kilikuwa sahihi, ila kilikuwa cha kichujio pamoja na jenereta.

Chaneli ya pili ndiyo iliyotoa dawa. Chaneli ya kwanza ikawekwa kwenye ingizo la kichujio, ya pili kwenye tokeo lake, na kinachoandikwa ni uwiano wa mbili hizo. Kwa 15.9 kHz chaneli ya kwanza ilionyesha 1.57 Vpp, wakati skrini ya jenereta bado inasema 2 Vpp. Chaneli ya pili ilionyesha 1.11 Vpp. Uwiano ni 0.707, na fezi imechelewa nyuzi 45 kama inavyotakiwa. Kikomo kikarudi mahali pake.

Tangu hapa namba ya skrini ya jenereta haiingii kwenye hesabu yoyote ya mwitiko. Inatumika kuweka wimbi, basi. Volti inayohesabiwa ni ile iliyopimwa kwenye mguu wa saketi.

24 Machi: multimita na maumbo

Kifupi tu. Multimita ya kawaida isiyopima Vrms ya kweli hupima wastani na kuzidisha kwa 1.11, hesabu inayofaa sini peke yake. Kwa mraba ilisoma asilimia 11 juu, kwa pembetatu karibu asilimia 4 chini. Pia multimita nyingi huanza kushuka masafa yakipanda kilohezi kadhaa, hata kwa sini. Itumike kwa ofseti. Mawimbi yaachiwe osiloskopu.

29 Machi: wimbi la kuchora mwenyewe

Nilihitaji wimbi lenye umbo la mpigo wa moyo, kwa ajili ya kujaribu kikuza cha ishara ndogo. Nukta 65,536 zilitengenezwa kwenye kompyuta na kupakiwa. Kasoro mbili zilijitokeza.

Ya kwanza: kila mzunguko ulipoisha kulikuwa na mruko mdogo wa wima. Nukta ya mwisho haikuwa na thamani inayoungana na ya kwanza, na jenereta hurudia orodha bila kupumzika, kwa hiyo pengo hilo linakuwa ukingo. Kwenye kikuza lilionekana kama mpigo wa ziada. Umbo lililainishwa ili mwanzo na mwisho vikutane kwenye thamani moja na mwinamo mmoja.

Ya pili ilikuwa ngumu kuitambua. Kwa 1 Hz wimbi lilikuwa zuri. Lilipoharakishwa hadi karibu 20 kHz ili kujaribu upana wa kikuza, sindano nyembamba ya katikati ilianza kuonekana mizunguko mingine na kupotea mingine. Sababu iko kwenye sampuli milioni 50 kwa sekunde. Nukta zote 65,536 zinaweza kutoka mpaka karibu 763 Hz tu. Juu ya hapo DDS huruka baadhi yake. Kwa masafa hayo kila mzunguko una sampuli 2,500 hivi, yaani nukta moja kati ya 26 hivi ndiyo inayotoka. Sindano yangu ilikuwa na upana wa nukta 10. Kuipata au kuikosa ilikuwa bahati ya mzunguko. Ilipanuliwa hadi nukta 200 na ikatulia.

Anayechora wimbi lake aanze na swali la masafa ya juu kabisa atakayotumia, agawe milioni 50 kwa hayo, ndipo aamue kitu chembamba kabisa kiwe na upana gani.

2 Aprili: SYNC, AM na mafungu

Wimbi la AM (kimo cha wimbi moja kikibadilishwa na wimbi jingine), 100 kHz likibebeshwa 1 kHz, halikukaa tuli kwenye osiloskopu. Triga ya osiloskopu, inayoamua mchoro uanzie wapi, ilikuwa inashika vilele vya 100 kHz, ambavyo vimo vyake vinabadilika kila mara. Kebo ya pili kutoka tundu la SYNC hadi triga ya nje ilimaliza kazi: kwenye jenereta hii SYNC hufuata wimbi linalobadilisha, siyo linalobeba, kwa hiyo picha ilitulia papo hapo.

Mafungu ya mawimbi nayo ni hivyohivyo. Fungu la mizunguko 5 ya 5 kHz kila ms 100, likianzia fezi sifuri, linaonyesha saketi inaanzaje kutikisika na inatuliaje wimbi likikatika. SYNC hupanda fungu linapoanza. Hili limekuwa jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linaonyesha tabia ambayo sini isiyokatika haiwezi kuionyesha.

8 Aprili: amri za kompyuta

Programu fupi ya Python hutuma amri za SCPI, lugha ya kawaida ya kuamuru vifaa vya maabara. Toleo la kwanza lilitumia amri moja inayoweka kila kitu:

`APPL:SIN 1000,2.0,0`

Ni rahisi, ila amri hiyo huwasha tundu yenyewe, hata kama lilikuwa limezimwa kwa makusudi. Kwenye benchi lenye saketi rahisi kuungua hilo halifai. Toleo la sasa linaandika hatua kwa hatua:

`OUTP OFF`
`OUTP:LOAD INF`
`FUNC SIN`
`FREQ 1000`
`VOLT 2.0`
`VOLT:OFFS 0`
`OUTP ON`

Mpangilio huu una sababu zake. Mzigo unatangulia volti, kama ilivyoandikwa tarehe 6 Machi. Umbo linatangulia masafa, kwa sababu jenereta iliyoko 1 MHz ikiambiwa `FUNC RAMP` hushusha masafa yenyewe hadi 200 kHz na kuacha kosa la −221 kwenye foleni. Programu ilikuwa haiisomi foleni hiyo, ikaendelea kupima kana kwamba iko 1 MHz, na mchoro mzima ukawa wa uongo. Sasa baada ya kila kundi la amri inatuma `SYST:ERR?`, na isipojibiwa sifuri inasimama.

12 Aprili: volti ndogo

Kikuza cha mara 100 kinahitaji volti ndogo kuliko jenereta inavyoweza kutoa. Kwa High Z mwisho wake ni mVpp 20. Kipunguza cha dB 20 cha omu 50 kiligawa kwa 10. Lakini nacho hutoa volti mara mbili ya iliyokusudiwa kikiachwa wazi upande wa saketi, kwa sababu kinachoonekana kutoka kwake ni omu 50 vilevile. Teminata ya omu 50 mbele ya kikuza ilirekebisha.

Tatizo jingine: programu ilipopandisha kimo hatua kwa hatua, kwenye viwango fulani kulisikika mlio mdogo ndani ya jenereta, na wimbi likakatika kwa kitambo. Ni relei zinazobadilisha vipunguza vya ndani. Kikuza kilichokuwa kikifuatilia kimo kilichukulia kukatika huko kuwa ishara. `VOLT:RANG:AUTO OFF` huzizuia relei. Ubaya wake ni kwamba kimo kikishuka sana usahihi hupungua, kwa hiyo nimeiruhusu kwenye jaribio hilo moja.

18 Aprili: saketi ya mwangwi, na mchoro wa kwanza kamili

Koili ya mH 10 yenye omu 10, kapasita ya nF 100, mfululizo. Masafa ya mwangwi ni 5.03 kHz, na ukali wa kilele (Q) unaotarajiwa, omu 316 za koili kwa masafa hayo zikigawanywa kwa 10, ni karibu 32.

Jaribio la haraka lilitumia jenereta kupandisha masafa yenyewe kutoka 1 kHz hadi 10 kHz kwa ms 1. Kilele kilionekana kikiwa kimepita mahali pake na kikifuatwa na mawimbi madogo, kwa sababu masafa yalipita kabla saketi haijapata muda wa kujaa. Kwa sekunde 1 kilele kilirudi mahali pake.

Halafu ukali ulipimwa: 5 tu. Ni omu 50 tena. Kwa chanzo, ukinzani wa njia nzima ni omu 60, na 316 ÷ 60 ni 5.3. Kwenye mwangwi ingizo la saketi lilishuka hadi 0.33 Vpp, skrini ikiendelea kusema 2 Vpp. Uwiano wa chaneli mbili ulirudisha ukali wa karibu 32, na mchoro ukawa mwembamba na mrefu kama nadharia inavyoutaka. Kwa anayeiga: kapasita ilibeba 10.5 Vpp kutoka kwenye jenereta iliyowekwa 2 Vpp. Hakikisha kapasita na ingizo la osiloskopu vinahimili kabla ya kuongeza kimo.

Programu sasa hupitia nukta 200 za masafa, husubiri ms 50 baada ya kila badiliko, husoma chaneli zote mbili na kuandika uwiano na fezi. Gharama ya mradi hadi leo ni kidhibiti kimoja na rizista moja. Hatua inayofuata ni kuweka kikuza cha kutenganisha kati ya jenereta na saketi, ili hata saketi zenye ukinzani mdogo zipate volti kamili kwenye mwangwi. Matokeo yake yataongezwa hapa kikishapimwa.